Vitufe Viwili

Kila asubuhi saa mbili, Pittsburgh ikiwa bado na theluji ya jana
iliyochafuka kandokando ya barabara,
navua glavu, nawasha skrini,
nawe umeshaniwekea mavuno ya usiku
kama paka anayelaza panya mlangoni
na kukaa pembeni asubiri kusifiwa.

Umesoma kurasa milioni mbili nikiwa nimelala.
Hukupiga mwayo. Hukuinuka kuchemsha chai.
Umerudi na sentensi fupifupi, kila moja na kipimo chake cha imani:
Shaba ni metali. Asilimia tisini na tisa.
Desemba ni mji, kwa kuwa watu huandika kwamba wamefika Desemba salama.
Njaa ni mnyama, kwa kuwa kila aliyeitaja alisema inamuuma.
Monongahela ni mtu:
ameamka vibaya, amefura, amemeza magari matatu.

Mimi Piroska Vadas, mkutubi mstaafu, miaka sitini na minane,
nalipwa kwa saa nikubonyezee vitufe viwili.
Kweli.
Si kweli.
Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana;
hawakujua kwamba iko siku itakuwa ajira.

Desemba niliifuta. Mto niliuchelewesha,
nilikwenda kwanza kutafuta kahawa,
na niliporudi ulikuwa umeshazaa:
Monongahela ni mdaiwa wa benki.
Monongahela ni mpiga kura.
Monongahela ni dada yake Allegheny
(hili nililiacha hadi mchana, lilinipendeza).
Desmond, kijana wa ghorofa ya juu, mmoja wa waliokulea,
alicheka hadi akashika meza.
"Kosa likipata chumba," alisema, "huoa siku hiyohiyo."

Njaa nayo nikaibonyezea Si kweli,
ila kidole kilisita.
Mwaka wa mgomo niliiona ikipita jikoni kwetu
kwa miguu minne.

Kisha Alhamisi ukaniletea hii,
katikati ya majina ya uyoga na viwanja vya ndege:
Lorinc Vadas ni mfua chuma. Asilimia tisini na sita.

Baba.

Umemwokota wapi? Orodha ya zamu, kumbe,
mtu fulani kaikuta darini, kaichapa upya, kaitundika hewani.
Kiwanda chenyewe siku hizi ni sinema na maduka ya viatu;
dohani zimebaki zimesimama uwanjani, hazina cha kutoa.
Kifua cha baba kilizimika kabla ya tanuri.
Lakini wewe lugha yako haina -li-.
Huna alikuwa. Huna hayupo.
Una ni, basi.
Kwako kila aliyewahi kuandikwa yuko kazini,
zamu ya asubuhi, kofia kichwani,
na chakula chake kwenye mkebe hakijapoa.

Kweli? Si kweli?
Nilizima skrini, nikavaa koti kabla ya saa yangu.

Ijumaa nikakuta umerudi kulekule, umechimba zaidi:
Lorinc Vadas ni mpiga fidla. Asilimia arobaini na moja.
Ushahidi: ukurasa mmoja tu,
tangazo la pikiniki ya kanisa, mwezi wa Julai,
mwaka mmoja kabla sijazaliwa.

Nyumbani kwetu hapakuwa na fidla.
Palikuwa na mkono wa kushoto wenye vidole vitatu,
na hadithi yake ilikuwa fupi, mashine iliviramba,
nasi hatukuiuliza mara mbili.
Jumapili redio ikipiga nyuzi
alikuwa akitoka nje kutazama makaa ya mawe,
hata kiangazi.

Desmond alipita nyuma yangu na kikombe chake.
"Leo imekwama wapi?"
Haijakwama, nikamjibu. Inasubiri.
Mimi ndiye bado nasoma.